Ufundi wa Kuihoji Serikali ya Jimbo: Lualaba

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inalipa kila Bunge la Jimbo kazi tatu: kujadili mambo yaliyo katika mamlaka ya jimbo, kutunga sheria zake ziitwazo edikti, na kuisimamia serikali ya jimbo pamoja na huduma za umma za jimbo na za mitaa. Kazi ya tatu ndiyo yenye ufundi mwingi na sifa chache. Edikti hutangazwa, bajeti hupigiwa makofi. Swali zuri hujulikana pale waziri anapoanza kupekua karatasi zake.

Wanaohojiwa si wengi. Serikali ya jimbo ina gavana, naibu wake na mawaziri wasiozidi 10, na haiingii kazini kabla mpango wake haujakubaliwa na wabunge. Wabunge haohao ndio wanaomchagua gavana, kwa muhula wa miaka mitano. Mhoji na mhojiwa, basi, wanajuana tangu siku ya kura.

Huko Kolwezi, katika jimbo la Lualaba, ujirani wa mhoji na mhojiwa bado ni mchanga. Hadi 2015 jimbo lilikuwa Katanga, na mambo ya Kolwezi yaliulizwa Lubumbashi, mwendo wa kilomita 300 hivi. Daraja la Kapanga au shule ya Sandoa vilikuwa mbali zaidi. Sheria ya tarehe 25 Machi 2015 iliyoweka mipaka ya majimbo mapya iliigawa Katanga mara nne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba, yenye wilaya za Dilolo, Kapanga, Lubudi, Mutshatsha na Sandoa. Sasa waziri wa kazi za umma na mbunge anayemhoji huvumbikwa na vumbi la malori yaleyale ya shaba.

Njia za kuhoji ni zilezile za Bunge la taifa. Kuna swali la maandishi na swali la mdomo, lenye mjadala au lisilo nao, ambalo halifuatwi na kura. Kuna swali la jambo la papo, kwa tukio lisilongoja. Kuna interpelasio, ambayo humtaka waziri aje ajieleze. Kuna kamati ya uchunguzi, na kuna mahojiano mbele ya kamati za kudumu. Nyuma ya zote limesimama shoka: hoja ya kuiangusha serikali nzima, inayohitaji sahihi za robo ya wabunge, au ya kumwondoa waziri mmoja, inayotosheka na sehemu moja ya kumi. Kura haipigwi kabla ya saa 48 kupita. Baada ya uchaguzi wa 2018 mabunge ya majimbo kadhaa nchini yalikimbilia shoka hilo mapema mno, na aghalabu wananchi walibadilishiwa gavana bila kuambiwa fedha zilikwenda wapi. Swali la maandishi halina kelele, ila huacha jibu lenye sahihi.

Ufundi wa kwanza ni kujua mlango wa kubisha. Lualaba ni jimbo la migodi: Kamoto, Mutanda, Kamoa-Kakula, na Tenke Fungurume upande wa Lubudi. Hata hivyo sheria ya madini ni ya taifa, na leseni za migodi hutolewa Kinshasa. Maji ya bomba ni ya REGIDESO na umeme ni wa SNEL, kampuni za dola. Mbunge wa jimbo akimuuliza waziri wa jimbo kwa nini leseni fulani ilitolewa, amempa mwenzake zawadi: jibu la kwamba jambo hilo ni la Kinshasa, tena jibu la kweli. Zanzibar nayo inaufahamu mchezo huu, kwani mambo ya Muungano yana mlango wake na ya Baraza la Wawakilishi yana wake.

Mhoji stadi huikata hoja hadi abaki na kipande cha jimbo. Tarehe 27 Juni 2019 ardhi iliporomoka katika machimbo ya kampuni ya Kamoto Copper, ikaua wachimbaji zaidi ya 40 walioingia bila idhini. Tukio kama hilo lina wahusika wengi. Maeneo ya wachimbaji wa mikono hutengwa na waziri wa madini wa taifa, na polisi ni ya taifa. Lakini kadi za wale negosian wanaonunua madini kwa wachimbaji hutolewa na gavana. Kuuliza ni kadi ngapi zimetolewa, kwa akina nani, na wanunua madini yaliyochimbwa wapi, ni kuuliza mahali ambapo serikali ya Kolwezi haina pa kukimbilia.

Utajiri wa fani hii uko kwenye mrabaha. Sheria ya tarehe 9 Machi 2018 iliyorekebisha Sheria ya Madini ya 2002 iliweka mrabaha wa asilimia 3.5 kwa shaba na asilimia 10 kwa madini ya kimkakati. Kobalti ilitiwa katika kundi hilo mwaka huohuo. Katika kila dola 100 za mrabaha, 50 ni za serikali kuu, 25 za jimbo, 15 za mamlaka ya mtaa palipo mgodi, na 10 za mfuko wa vizazi vijavyo. Mafungu haya yana mitego. Mamlaka ya mtaa inayostahili zile 15 ni mji, komuni, sekta au utawala wa chifu. Wilaya haimo, maana yenyewe ni ofisi tu ya serikali. Anayemsaka msimamizi wa wilaya ya Mutshatsha kwa ajili ya fedha hizo amemkosea mtu. Vilevile kampuni hutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii jirani, na fedha hizo husimamiwa na chombo maalumu. Hazina ya jimbo haizigusi. Mbunge anayezichanganya na mrabaha hupotezewa alasiri nzima.

Kwa hiyo maneno hupimwa. “Serikali inafanya nini kuhusu barabara?” ni swali linalojibika kwa hotuba. “Kuanzia Januari hadi Juni, jimbo limepokea mrabaha kiasi gani, kutoka kampuni zipi, na kiasi gani kimelipwa kwa barabara hii, kwa mkandarasi yupi?” lina milango minne, na kila mmoja unataka tarakimu au jina. Neno lenye uzito hapo ni “kimelipwa”. Katika fedha za umma za Kongo matumizi hupita ngazi nne: kuahidi, kuhakiki deni, kuamuru malipo, kulipa. Waziri mjanja atataja kiasi kilichoahidiwa, nacho kitasikika kikubwa, huku mkandarasi hajaona senti. Mhoji asiyezijua ngazi hizo hushukuru na kukaa.

Baada ya jibu huja kipimo chenyewe. Bungeni Dodoma kuna desturi ya swali la nyongeza, na wazoefu hulitunza kwa ajili yake jambo zito, wakilitanguliza swali la msingi jepesi ili waziri ajifunge kwa tarakimu. Kolwezi kazi hiyo hufanywa na mjadala unaofuata swali la mdomo, na zaidi na kamati, ambayo inaweza kumwita mkuu wa idara mwenye daftari badala ya waziri mwenye ahadi.

Mipaka ya fani iko wazi. Septemba 2021 gavana Richard Muyej aliitwa Kinshasa, na naibu wake, Fifi Masuka, akashika nafasi. Mwaka 2024 Masuka alichaguliwa kuwa gavana. Uzito wa mji mkuu katika kisa hicho ulionekana bila darubini. Tena Katiba inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo na yakatwe palepale yanapokusanywa, jambo ambalo halijawahi kutekelezwa kama lilivyoandikwa. Waziri wa jimbo akisema hajapokea, mara nyingi hadanganyi.

Hapo husaidia edikti ya kufunga hesabu za mwaka, ambayo huweka bajeti iliyopitishwa na matumizi halisi kwenye ukurasa mmoja. Mahakama ya Hesabu ina mamlaka juu ya hesabu za majimbo pia. Mbunge aliyehifadhi jibu la Juni hulifungua hesabu zinapoletwa, akalinganisha mstari kwa mstari, na pengo analolikuta huwa swali lake la kwanza katika kikao kinachofuata.