Elizabeth wa Chumba Namba 109

Kuna aina ya hadithi za mizimu ambayo siipendi, na ile ya Goldfield Hotel ndiyo mfano wake bora. Siipendi kwa sababu imetungwa vizuri sana. Ukiisikia mara moja, haikutoki.

Inaenda hivi. Katika mji wa Goldfield, jimbo la Nevada, Marekani, kuna hoteli kubwa ya ghorofa nne, ya mawe na matofali, ambayo haijapokea mgeni wa kulala tangu miaka ya 1940. Inasemekana tajiri George Wingfield alimpa ujauzito kahaba mmoja aitwaye Elizabeth. Kwa kuogopa aibu, akamfungia katika chumba namba 109 na kumtia minyororo kwenye bomba la kupasha chumba joto. Alipojifungua, mtoto akatupwa kwenye shimo la mgodi lililo chini ya jengo. Elizabeth naye akafa. Kuna wanaosema ni uzazi, na kuna wanaosema aliuawa. Tangu hapo anatembea koridoni kwa gauni jeupe na nywele ndefu, akimwita mwanawe, na usiku ukitulia, kilio cha mtoto kinasikika kutoka chini.

Si yeye peke yake. Wapo watoto wanaocheza kwenye ngazi. Yupo mtu wa kisu katika ukumbi wa kulia chakula. Wingfield mwenyewe ananuka sigara, na wapo wanaoapa wamekuta majivu yake yakiwa bado na joto. Wengine wanaongeza ati hoteli ni mlango wa kuingilia ulimwengu mwingine. Jengo moja, mizimu wa kujaza matatu.

Sasa tuangalie jengo lenyewe. Dhahabu ilipatikana Goldfield mwaka 1902. Kufikia 1906 na 1907, mahali palipokuwa jangwa tupu palikuwa na watu karibu 20,000, mji mkubwa kuliko wote Nevada. Wingfield, aliyejulikana kwanza kama mcheza kamari, aliungana na Seneta George Nixon wakaunda kampuni ya Goldfield Consolidated, iliyomeza migodi mikubwa ya pale. Hoteli ilifunguliwa mwaka 1908, na haikupita muda ikawa mikononi mwa Wingfield. Ilikuwa na vyumba zaidi ya 150, lifti, umeme, simu, mbao za mahogany na viti vya ngozi nyeusi. Hii yote katikati ya vumbi.

Halafu mambo yakaisha, na yaliisha haraka. Uzalishaji wa dhahabu ulianza kushuka baada ya 1910. Mafuriko yakaja 1913, moto mkubwa ukala sehemu kubwa ya mji 1923. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wanajeshi wa kituo cha ndege cha Tonopah walilala humo, na walipoondoka, milango ikafungwa. Leo mji mzima una wakazi wasiofika 300.

Ukiweka historia hii kando ya hadithi, nyufa zinaonekana. Elizabeth kwa kawaida huwekwa miaka ya 1930. Wingfield aliuza hoteli mwaka 1923, na hata kabla ya hapo maisha yake yalikuwa yamehamia Reno, alikoendesha benki na siasa za jimbo zima. Yaani mwaka ambao anasemekana kumfunga mwanamke minyororo, hoteli haikuwa yake na hakuwa akiishi mji huo.

Najua utaniuliza: kwani story ya mizimu inahitaji risiti? Haihitaji. Bibi zetu hawakuwa wakitaja tarehe waliposimulia, na hakuna aliyewadai. Lakini hadithi ya mzimu ina kazi moja kubwa, nayo ni kumshtaki mtu. Mzimu ni shahidi aliyekataa kuondoka. Kwa hivyo swali la mhakiki si kama mzimu yupo. Swali ni nani anashtakiwa, na kwa kosa gani. Hapo ndipo hadithi ya Elizabeth inaponikera.

Turudi mwaka 1907, mwaka mmoja kabla ya hoteli kufunguliwa. Wachimbaji wa Goldfield walikuwa na chama chenye nguvu. Walikuwa wakigombana na wenye migodi kuhusu mambo mengi, likiwemo la vyumba vya kubadilishia nguo. Mawe ya pale yalikuwa na dhahabu nyingi kiasi kwamba mfuko mmoja wa suruali ungeweza kumpa mtu zaidi ya ujira wake wa siku, na wachimbaji walibeba: mifukoni, kwenye vyombo vya chakula, popote palipofichika. Wenye migodi wakataka kila mtu avuliwe na kukaguliwa akitoka zamu. Kisha msukosuko wa fedha wa mwaka huo ukafika, na kampuni zikaanza kulipa mishahara kwa karatasi za ahadi badala ya pesa taslimu. Wachimbaji wakagoma.

Desemba 1907, gavana wa Nevada alimwomba Rais Theodore Roosevelt atume jeshi, na jeshi likaja. Mara tu askari walipofika, wenye migodi walitangaza kushusha mishahara na kwamba hawatamwajiri mwanachama yeyote wa chama kile. Tume iliyotumwa na Roosevelt mwenyewe ilichunguza na kukuta hakukuwa na vurugu za kuhitaji jeshi. Lakini kufikia hapo kazi ilikuwa imeshafanyika. Jimbo likaunda kikosi chake cha polisi mapema 1908, wanajeshi wakaenda zao, na chama kikavunjika.

Miezi michache baadaye, hoteli ikafungua milango. Hebu fikiria viti vile vya ngozi kwa mpangilio huo wa matukio.

Hapo ndipo hadithi halisi ya Goldfield ilipo, na haina mzimu hata mmoja. Hakuna mchimbaji anayepiga ukuta wa ghorofa ya pili akidai mshahara wake. Hakuna anayesikika akihesabu karatasi za ahadi ngazini. Wala hakuna mzimu wa mtu aliyepoteza akiba yake mwaka 1932, mlolongo wa benki za Wingfield ulipoanguka na kuwaburuta wengi Nevada. Hadithi inamsingizia Wingfield kosa ambalo hakuna ushahidi kwamba alilitenda, na kwa kufanya hivyo inamsamehe yale ambayo yamo kwenye kumbukumbu. Tajiri anakuwa mbaya kwa sababu ya chumba kimoja na mwanamke mmoja. Mbaya wa aina hiyo ni rahisi kumchukia, maana hakuna anayefanana naye. Lakini mwajiri anayekulipa kwa ahadi na kumwita askari ukiuliza? Huyo tunamjua.

Mwaka 2004 Zak Bagans, Nick Groff na Aaron Goodwin waliipeleka hoteli hii kwenye skrini kwa filamu yao Ghost Adventures, iliyoonyeshwa kwenye televisheni mwaka 2007 na kuzaa mfululizo wenye jina hilohilo. Kipande maarufu ni cha tofali. Wako chini ya jengo, gizani, na tofali linaonekana kuinuka na kuruka. Wanakurupuka. Kipande hicho kimekatwa, kimerudiwa, kimebishaniwa mtandaoni miaka nenda miaka rudi: ni uzi, si uzi.

Mimi tofali sina shida nalo. Kama sinema, tukio lile linafanya kazi: picha chafu, pumzi za mtu anayeshika kamera, kitu kidogo kikisogea pembeni mwa jicho. Shida yangu ni ile sauti inayomwita Elizabeth. Katika filamu za aina hii, mtafiti huingia chumbani na kumchokoza marehemu ajitokeze. Yaani mwanamke aliyefungwa chumbani na mwanamume anatembelewa, miongo kadhaa baadaye, na wanaume wengine wanaotaka awafanyie kitu mbele ya kamera. Hakuna anayeuliza jina lake la pili, kwao wapi, wala alitaka kumpa mtoto jina gani. Minyororo bado ipo, sema sasa inaitwa kipindi.

Linganisha na Tonopah, mwendo wa kilomita 40 hivi kaskazini. Mizpah Hotel iliwahi kufungwa, na tangu 2011 inapokea wageni tena. Ina Mwanamke wa Mavazi Mekundu, naye kahaba kwa masimulizi, aliyeuawa na mwanamume mwenye wivu kwenye ghorofa ya tano. Mkufu wake ulikatika wakati wa kushambuliwa, na inasemekana huwaachia wageni lulu moja moja. Kama utunzi, hapa kuna kitu. Lulu inayokutwa kwenye chumba cha mgeni ni picha nzuri kuliko tofali lolote. Lakini angalia alichogeuzwa: marehemu ametoka kwenye kushtaki, ameingia kwenye kukaribisha wageni. Ameuawa na bado yuko zamu.

Kwa nini hili litusumbue sisi tunaosoma tukiwa Nairobi? Kwa sababu muundo huu tunaujua. Tarehe 27 Januari 2024, maelfu waliandamana hapa na katika miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake, baadhi yao waliouawa katika nyumba za kukodi kwa siku chache. Kabla hata maiti hazijazikwa, mtandaoni swali lilikuwa moja: alikuwa anafanya nini kwenye chumba kile? Ni swali lilelile linalomgeuza Elizabeth kuwa “kahaba wa chumba 109”. Chumba kinapewa namba, mwanamke anapewa sifa, na wasikilizaji wanapata raha ya kutetemeka kidogo halafu walale. Hadithi ya namna hiyo huonekana kumhurumia marehemu. Kwa kweli inamzoea.

Hadithi ya mzimu inaweza kufanya zaidi. Toni Morrison, katika Beloved ya mwaka 1987, alichukua kisa cha kweli cha Margaret Garner, mwanamke aliyetoroka utumwa mwaka 1856 na kumuua bintiye ili asirudishwe. Mama, mtoto aliyekufa, nyumba yenye mzimu: vifaa vilevile vya Goldfield. Lakini mzimu wa Morrison anaingia, anakaa, anakula, anadai. Huwezi kumtazama kwa saa moja kisha uzime taa. Na kila anachodai kinakurudisha kwenye utumwa wenyewe, si kwenye ubaya wa mtu mmoja. Hicho ndicho kipimo changu. Mzimu mzuri hupanua kesi. Mzimu dhaifu huifunga.

Simwombei Elizabeth aondolewe. Wanawake walikufa katika miji ile ya migodi bila majina yao kuandikwa popote, na inawezekana watu walimbuni kwa sababu walihisi pengo hilo. Hisia hiyo ni ya kweli, tena ni ya heshima. Ninachotaka ni watunzi wanaoendelea kuisimulia, wa filamu, wa podikasti, wa nyuzi za usiku wa manane, wampe kazi kubwa zaidi ya kulia. Wampe jina la pili. Wamtoe chumba 109, wamshushe kwenye ukumbi ule wa mahogany, na wamwache aulize nani alilipia viti.