Kiti Kikae Hapo Hapo

Chini ya kiti cha rubani katika Cessna 206 kuna reli mbili za alumini zilizokazwa sakafuni, na juu ya reli kuna msururu wa matundu ambayo kalamu ya risasi hupita kwa shida. Kiti kinatembea juu ya reli hizo kwa magurudumu madogo, mbele na nyuma, ili mrefu na mfupi wote wafikie pedali. Kikifika pale mtu anapotaka, anaachia mkono wa chini ya kiti, springi inaisukuma pini ya chuma, pini inazama tunduni. Basi. Hicho ndicho kinachomweka rubani mahali pake ndege inapoinua pua.

Pini isipozama sawasawa, rubani anaweza asijue. Ncha yake imeegemea ukingo wa tundu, au imetua kwenye alumini kati ya tundu na tundu, na ndege ikiwa imesimama msuguano peke yake unatosha kukizuia kiti. Anaongeza moto, ndege inakimbia, pua inanyanyuka, na sasa uzito wote wa mtu unavuta kuelekea nyuma. Kiti kikifyatuka mikono yake ingali kwenye usukani, na anayeteleza hung'ang'ania alichokishika. Anauvuta usukani bila kukusudia, pua inazidi kupanda, mwendo unakufa, mabawa yanaishiwa nguvu ya kubeba. Miguu nayo haifiki tena kwenye pedali. Yote haya yanatokea ndege ikiwa imepita vilele vya miti kwa mita chache tu.

Hatari hii si ya kubuni. Mwaka 1987 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo kwamba reli, pini na magurudumu ya viti vya aina nyingi za Cessna, kuanzia 150 ndogo ya kujifunzia hadi 206 na 210, vikaguliwe kila saa 100 za kuruka. Agizo hilo liliandikwa upya mwaka 2011. Kati ya hapo kulikuwa na kesi ya ajali ya Cessna 185 iliyotokea Florida mwaka 1989, ambayo mwaka 2001 wazee wa baraza huko Pensacola waliamua kampuni ya Cessna ilipe dola milioni 480. Kampuni ilikataa kwamba kiti ndicho kilichosababisha. Fedha hizo zinanivutia kidogo kuliko kipimo kilichomo ndani ya agizo: tundu likilika hadi kuzidi inchi 0.36, yaani milimita tisa na kidogo, reli imefika mwisho wake. Na pini lazima izame si chini ya inchi 0.15, ambayo haifiki hata milimita nne. Uhai wa watu sita unategemea milimita nne.

Huku Tanzania, kanda ya Shinyanga na Geita imeishi na ndege ndogo kwa muda mrefu. Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, kuna uwanja wa mgodi. Mgodi wa dhahabu wa Geita nao una wake. Ibadakuli, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ulikuwa uwanja wa changarawe kwa miaka mingi. Siku hizi wengi wanaokwenda migodini kwa ndege hupanda Caravan au kubwa zaidi, na Caravan haimo katika agizo lile. Lakini Cessna za injini moja, ndogo na kongwe, hazijatoweka Tanzania. Zimebeba wauguzi na chanjo, wamisionari, wapima ardhi, na kila aliyetaka kufika mahali ambapo barabara inakata tamaa wakati wa masika.

Kinachoiua reli ya kiti huku ni ardhi yenyewe. Mchanga unaingia kwa soli za viatu, unakaa chini ya magurudumu na kusaga alumini polepole. Udongo mweusi wa mbuga ni mbaya zaidi. Unapanda ndani ukiwa tope, unateremka hadi kwenye matundu, kisha jua linaukausha humo humo. Tundu linaonekana lipo, kumbe kina chake kimejaa. Pini inashuka, inagonga udongo, inasimama njiani. Rubani anasikia mlio aliouzoea na kuridhika.

Ndiyo maana fundi mzuri anaanza na brashi kabla ya kushika spana. Nimemtazama mmoja katika banda la ndege Mwanza akifanya kazi hii, na nusu ya kwanza ya asubuhi ilikuwa usafi mtupu. Alikitoa kiti chote, akakipindua juu ya turubai, akapuliza reli kwa hewa ya kompresa, kisha akaingia tundu moja baada ya jingine kwa kijiti cha mbao kilichochongwa ncha. Chuma, alisema, kingekwangua ukingo na kuongeza ulaji anaokuja kuupima. Grisi hakupaka. Grisi ikikutana na vumbi la Shinyanga inageuka kuwa msasa.

Baada ya hapo ndipo akachukua kipimo. Tundu lililolika halipanuki kwa duara. Linarefuka kwa upande wa mbele na nyuma, kwa sababu huko ndiko kiti kinakosukuma na kuvuta. Kwa hiyo ukipima kwa kukingamisha, tundu bovu litakudanganya kuwa ni zima. Alipima kwa urefu wa reli, akaandika, akasogea. Yaliyolika zaidi yalikuwa machache yaliyofuatana, mahali ambapo marubani wengi wa kimo cha kawaida hukaa. Ya mwisho kabisa, mbele na nyuma, yalikuwa kama yametoka kiwandani. Reli inakumbuka urefu wa miguu ya watu.

Akafuata kucha, zile ndimi zinazozunguka kichwa cha reli kutoka chini ili kiti kisinyanyuke. Zikilika, kiti kinacheza juu na chini, na kila kinapocheza pini inapanda nacho. Akatazama beringi za magurudumu kama zinazunguka au zinaburuzwa. Akabonyeza springi kwa kidole gumba, akaachia, akabonyeza tena. Nyufa alizitafuta kwa tochi iliyolazwa karibu sawa na reli, mwanga ukipita kwa ubavu ili ufa utupe kivuli.

Hata ikikaguliwa hivyo, pini bado inaweza kushindwa, na hapo ndipo kinapokuja kifaa cha pili cha kukizuia kiti. Kipo cha namna mbili. Cha kwanza ni kipande cha chuma kinachoibana reli nyuma ya gurudumu, chenye skrubu ya kukazwa kwa vidole: rahisi, hakina la kuharibika, ila kinamtaka rubani akumbuke kukikaza kila anapokalia kiti. Cha pili ni mkanda mfupi unaojikunja kwenye kibiringo, uliofungwa kati ya kiti na sakafu. Pini ikishindwa, mkanda unakizuia kiti kisirudi nyuma. Cessna yenyewe ilitoa waraka wa huduma mwaka 2007 ili ndege za zamani zifungwe mkanda huo. Mimi naupendelea, kwa sababu haumwombi rubani kumbukumbu yake asubuhi ambayo ana mgonjwa nyuma na mawingu mbele.

Kuufunga kunaonekana kazi ya saa chache, na kwa mikono ya haraka ni hivyo. Fundi huyu alitandika mchoro sakafuni na kuusoma wote kabla ya kufungua pakiti. Pale mchoro unapotaka tundu, alitoboa, akalainisha ukingo pande zote mbili, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akasubiri ikauke. Riveti iliyokaa upande kidogo aliitoa. Mimi nisingeiona. Alipomaliza alikirudisha kiti na kukijaribu katika kila tundu, mbele hadi nyuma, si katika yale machache yanayotumika tu, maana siku moja atakuja rubani mwenye miguu mirefu. Mwisho akakata zulia. Lilikuwa limepita juu ya reli kwa upana wa kidole, na nyuzi za zulia zinaweza kuingia chini ya pini sawa na tope la mbuga. Mwenye ndege alipenda zulia lile. Hilo halikumsaidia.

Hakuna alichobuni. Fundi wa ndege zenye 5H, alama ya usajili ya Tanzania, anafanya kazi kwa leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kila boliti ina karatasi yake. Wapo wanaoona utaratibu huo unaua ufundi. Mimi naona ufundi umehamia mahali pengine: katika kuamua kwamba tundu ambalo bado halijafika inchi 0.36 litafika kabla ya ukaguzi ujao, kwa hiyo reli iagizwe sasa. Hilo halimo kwenye mchoro. Wala mkanda hauhalalishi kuachilia pini. Fundi aliandika vyote viwili katika kitabu cha ndege, vipimo vya matundu kwanza, mkanda baadaye.

Walichobishana fundi na mwenye ndege ni kiti cha kulia. Mkanda ulikuwa mmoja, wa rubani. Katika ndege ya rubani mmoja, mbele kulia hukaa abiria, mara nyingi yule mzito kuliko wote, na mbele yake kuna usukani wa pili uliounganishwa na ule wa kwanza. Kiti chake kikiteleza atashika kilicho karibu. Mwenye ndege alisema agizo halimlazimishi. Fundi alikubali kwamba halimlazimishi, kisha akampa namba ya kifaa cha upande wa kulia, ikiwa imeshaandikwa kwenye karatasi, pamoja na bei.