"Kifuniko Kimefungwa": Uhakiki wa Jedwali Moja la Hitilafu za Injini

Katika maandiko yanayoletwa kwetu ili yakaguliwe lugha, yamo madogo madogo ambayo watu wengi hawayahesabu kuwa ni tafsiri: fomu, vibandiko, majedwali. Jedwali ninalolihakiki hapa lina kurasa mbili tu, nazo zimo mwishoni mwa mwongozo wa madereva na mafundi wanaotunza magari ya zamani yenye injini ya petroli na kabureta. Lahusu hitilafu moja inayosumbua kuliko nyingi: injini inayozimika yenyewe njiani, kisha baada ya muda ikawaka kana kwamba haikuwa na kasoro yoyote. Sitaitaja ofisi iliyolitoa wala mtafsiri wake. Alifanya kazi kwa nia njema, na baadhi ya makosa yake yametokana na orodha zetu wenyewe, ambazo zimejaa nomino za vipuri na zina uhaba mkubwa wa vitenzi vya kueleza vipuri hivyo vinafanya nini vinapoharibika.

Jedwali lililetwa pamoja na jalada la gari moja, kwa kuwa wenye gari walitaka kujua kama kosa lilikuwa la fundi au la lugha. Gari lenyewe ni Land Rover Series III, aina iliyotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985, na injini yake ni ya petroli, ya silinda nne. Dereva aliandika kwamba gari "linazima mara kwa mara". Fundi akalijaribu karibu na gereji kwa muda wa robo saa, halikuzima, akaandika "gari zima". (Mtunza stoo alidhani silabi mbili zimesahauliwa, akajaza katika daftari lake kwamba gari limezima.) Safari iliyofuata likazimika mlimani likiwa na watu saba. Ikanunuliwa koili mpya; likazimika. Ikanunuliwa pampu mpya ya petroli, likazimika. Mwishowe dereva alisimama porini ili amimine petroli ya dumu, na alipofungua kifuniko cha tangi akasikia hewa ikivutwa ndani kwa mlio. Alipopiga stata, injini ikaitika papo hapo. Tangu siku hiyo, kila lilipozimika alilegeza kifuniko, na safari ikaendelea.

Sababu hiyo imo katika jedwali, mstari wa saba. Hapo mtafsiri ameandika: "Kifuniko cha tangi kimefungwa." Fundi aliyasoma maneno hayo na kuweka alama ya sawa mbele yake. Nani angemlaumu? Kifuniko cha tangi hakina budi kufungwa. Kisipofungwa petroli humwagika. Kwa hiyo mstari uliokuwa na jibu ndio uliorukwa, na fedha za koili na pampu zikatumika bure.

Kitenzi cha Kiingereza kilichokuwa hapo hutumika kwa barabara iliyofungwa na hutumika pia kwa bomba lililoingiwa na taka. Kiswahili hakichanganyi mambo hayo mawili. Mlango hufungwa, barabara hufungwa, na daima yupo aliyefunga. Bomba huziba, pua huziba, mtaro huziba, bila ya mtu kukusudia. Zaidi ya hayo, kilichoziba si kifuniko. Katika gari lile hewa huingia tangini kupitia tundu dogo lililomo kifunikoni, ili ichukue nafasi ya petroli inayovutwa na pampu. Tundu likijaa vumbi na grisi, hewa haiingii; mvuto huongezeka tangini kadiri safari inavyoendelea, pampu hushindana nao mpaka ikashindwa, na kabureta hukauka. Gari likisimama, hewa hupenya polepole, na baada ya nusu saa injini huwaka tena. Mstari huo ulipaswa kusomeka: "Tundu la hewa la kifuniko cha tangi limeziba." Tafsiri hiyo ni ndefu kwa maneno manne, nami siuonei haya urefu huo.

Kosa la pili ni kubwa zaidi kwa kuwa limeenea katika jedwali zima. Matini asilia yalitofautisha injini inayokoma gari likiwa limesimama, injini inayokoma ghafla katikati ya mwendo, na injini inayopoteza nguvu kidogo kidogo mpaka ikakoma. Mtafsiri ameyaita yote matatu "kuzima". Kwanza, katika maandishi sanifu ni vyema kuacha "kuzima" kwa dereva azimaye gari kwa ufunguo, na "kuzimika" kwa injini inayokoma yenyewe. Watu husema "gari limezima" kila siku, nami husema hivyo. Lakini katika taarifa ya hitilafu lazima ijulikane kama kuna mkono wa mtu au hapana.

Pili, namna ya kuzimika ndiyo dalili ya kwanza ambayo fundi huitafuta. Injini ikikoma kwa mkato mmoja, kama mtu aliyegeuza ufunguo, aghalabu kasoro ni ya umeme: waya uliolegea, pointi za distributa, kondensa, au koili. Ikianza kudhoofika, gari likishtukashtuka na kukosa nguvu kabla ya kusimama, aghalabu kasoro ni ya petroli: chujio, bomba, pampu, uchafu ndani ya kabureta, au hilo tundu la kifuniko. Kanuni hii ina vighairi vyake, ila ndiyo inayomwongoza fundi mahali pa kuanzia. Sasa, lugha yetu inayo maneno ya tofauti hiyo nyumbani kwa kila mtu. Umeme hukatika. Taa ya utambi inayoishiwa mafuta hufifia. Napendekeza basi kwamba katika maandiko ya ufundi tuseme injini "imekatika" inapokoma ghafla, na "imefifia" inapodhoofika mpaka ikakoma. Yule dereva wa Land Rover, alipoulizwa baadaye, alieleza kwa kirefu jinsi gari lilivyokuwa likichoka mlimani kabla ya kusimama. Alikuwa na habari nzima kichwani. Fomu ilimpa kitenzi kimoja, akakijaza, na koili ikanunuliwa kwa hitilafu ambayo haikuwa na alama hata moja ya umeme.

Tatu ni hilo "mara kwa mara". Maneno haya huhesabu: jambo limetokea mara nyingi. Neno la asili halikuhesabu. Lilieleza hitilafu inayokuja na kuondoka, ambayo huenda ikatokea mara moja kwa mwezi na bado ikawa ya namna hiyo. Fundi akiambiwa mara kwa mara hutarajia kuiona akizunguka gereji mara mbili. Asipoiona huamua kwamba haipo. Wauguzi na wagonjwa wana lugha ya jambo hili tangu zamani: homa ya vipindi. Hakuna mganga ambaye, kwa kumkuta mgonjwa wa homa ya vipindi akiwa hana joto saa nne asubuhi, angemwambia ni mzima. "Hitilafu ya vipindi" inaeleweka bila ya maelezo, na tena inamwelekeza fundi aulize vipindi hivyo vinafuata nini: joto, mwinuko, mvua, kiasi cha petroli tangini, au urefu wa safari.

Jambo hili si la ufasaha tu. Koili iliyochakaa huweza kukata umeme inapopata joto na kurudia kazi inapopoa. Atakayeipima baada ya kunywa chai ataikuta salama. Waya mwembamba ulio ndani ya distributa hukunjwa kila bamba la pointi linapozunguka, hata nyuzi za shaba zikakatika ndani ya ganda huku nje ukionekana mzima. Kwa hiyo agizo la jedwali la kupima cheche lilipaswa kusema wakati wa kupima, yaani papo hapo injini inapozimika, kabla haijapoa. Kiingereza kilisema hivyo kwa kielezi kimoja. Katika tafsiri kielezi hicho kimeangushwa.

Mengine nitayapitia upesi. "Kufuli la mvuke" ni tafsiri ya neno kwa neno, na hakuna atakayetafuta kufuli ndani ya bomba. Ni "kuziba kwa mvuke", pale petroli inapochemka bombani kwa joto la injini na pampu ikawa inavuta mvuke badala ya petroli. "Kasi ya uvivu" inachekesha gereji nzima. Mafundi husema "silensa" kwa mzunguko wa injini gari likiwa limesimama bila ya kukanyagwa mafuta, na neno hilo nalikubali, ijapokuwa wenzangu wawili wanapinga kwamba litachanganywa na kizuia mlio cha bomba la moshi. Bomba hilo kila mtu huliita ekzosi. Mchanganyiko huo uko mezani petu, gereji haupo. Kinyume chake, sikubali "moto" kwa maana ya umeme katika maandishi, hata kama ndilo neno la mafundi wote. Agizo la "angalia kama moto unafika" halifai kuandikwa mstari mmoja chini ya agizo la kufungua bomba la petroli.

Nimsifu mtafsiri kwa jambo moja: katika kila kundi amepanga sababu kuanzia zile ambazo kuzikagua hakugharimu kitu. Mpangilio huo haumo katika asilia, nao unafaa kubakizwa.

Limebaki "kumisi", yaani silinda moja kuruka zamu yake ya kuwaka wakati nyingine zinaendelea. Jedwali limeandika "kukosa", lakini kukosa kunataka yambwa, na msomaji huuliza injini imekosa nini. Nimejaribu "kuruka mpigo". Fundi mmoja niliyemsomea alidhani nazungumzia ngoma. Mwenye neno bora na atuletee kabla ya kikao kijacho cha kusanifu istilahi. Kwa sasa nimeandika "kumisi" kwa kalamu ya risasi.