Mawe, Vigae na Damu: Nani Aliyejenga Kilwa?

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Hawakutuambia la kufanya pale ambapo asili yenyewe inagombewa, na kila mgombezi anakuja na ushahidi wake mkononi. Ndivyo ilivyo kwa miji ya kale ya pwani yetu, kutoka visiwa vya Lamu hadi Kilwa. Tangu katikati ya karne ya 20 wataalamu wameichimba, wameipima na kuiandika, na karibu kila kizazi chao kimetoa jibu lake kwa swali lile lile: nani aliyeijenga? Nataka kuyapima hapa majibu matatu, la mawe, la vigae na la damu. Nayapima kama msomaji tu, kwa kuwa sijawahi kushika mwiko wa mchimbaji. Lakini anayeandikwa habari zake ana haki ya kusoma kwa makini.

Jibu la kwanza ni la mawe. James Kirkman alianza kuchimba Gedi, karibu na Malindi, mwaka 1948, na kitabu chake cha mwaka 1954 kiliuita mji huo, tangu kwenye jalada, mji wa Kiarabu. Neville Chittick akafuata huko Kilwa, na mwaka 1974 akatoa juzuu mbili nene juu ya kisiwa hicho. Sipendi desturi ya siku hizi ya kuwataja watu hawa kwa dharau. Chittick ndiye aliyezipanga tabaka za udongo wa Kilwa zikaeleweka, akautofautisha Msikiti Mkuu wa awali na nyongeza zake, akaichora Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 lenye vyumba zaidi ya 100. Anayetaka kuzungumza juu ya Kilwa leo hawezi kumruka.

Lakini jicho lake lilivutwa mno na mawe. Penye ukuta wa matumbawe na chokaa aliona mji. Penye kibanda cha udongo na makuti hakuona jambo kubwa. Vyombo vilivyong'arishwa kutoka Uajemi na China vilimsaidia kuhesabu miaka, na hapo alifanya kazi safi. Tatizo ni kwamba katika maandishi ya zama zile chombo kilichohesabia miaka kiligeuka taratibu kuwa shahidi wa kabila. Sahani ya Kichina haimfanyi mwenye nyumba kuwa Mchina. Zaidi ya hayo, hata ukuta wenyewe ukiulizwa vizuri hujibu kienyeji: vyumba vya miji hii ni vyembamba, aghalabu upana wake hauzidi mita tatu au karibu na hapo, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvushwa mbali zaidi ya nguvu yake. Mti wa hapa hapa ndio uliompa fundi kipimo chake.

Jibu la pili ni la vigae, nalo lilizaliwa kutokana na kutoridhika na lile la kwanza. Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine iliyotangulia, mmoja juu ya mwenzake, na ya awali kabisa ilikuwa ya miti, ya mwisho wa karne ya 8. Yaani mji ulikuwepo, na waumini walikuwepo, kabla jiwe la kwanza halijapandishwa juu ya jingine. Felix Chami, katika kitabu chake cha mwaka 1994, alivifuata vyungu vyenye nakshi za pembetatu katika pwani ya Tanzania na bara yake, akaonyesha kwamba wakulima wa bara na wakazi wa pwani walikuwa wa ulimwengu mmoja. Chapurukha Kusimba naye, katika kitabu cha mwaka 1999, akasisitiza kazi ya mafundi wa chuma na mahusiano na watu wa nyika.

Kwa maoni yangu hoja hii ya pili ndiyo yenye miguu imara zaidi. Vyombo vya kigeni ni sehemu ndogo tu ya vigae vyote vinavyochimbwa katika miji hii. Vilivyobaki ni vyungu vya kupikia vya hapa nyumbani. Na jikoni ndiko watu wanakoishi. Lugha nayo inashuhudia hivyo hivyo: Kiswahili, pamoja na maneno yake mengi ya Kiarabu, ni lugha ya Kibantu katika sarufi yake yote, na hakuna anayejifunza sarufi sokoni kwa wageni akaisahau ya mama yake.

Hata hivyo hoja hii nayo ilikuja na upofu wake. Kwa hamu ya kuirudisha miji mikononi mwa Waafrika, baadhi ya wafuasi wake waliigeuza Habari za Kilwa kuwa uongo mtupu. Habari hizo, ambazo Mreno João de Barros alizichapisha kwa namna yake mwaka 1552 na ambazo zipo pia kwa Kiarabu, zinasimulia juu ya Ali, mwana wa mfalme kutoka Shirazi, aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Ikasemwa kwamba hizo ni mbwembwe za wakubwa waliotaka kujipatia nasaba ya mbali. Huenda mbwembwe zilikuwepo. Lakini watu wa Kilwa walijisimulia hivyo kwa karne nyingi, na mtaalamu anayewaambia watu kwamba hawajui walitoka wapi anafanana kidogo na yule aliyewaambia kwamba hawakujenga walichojenga.

Mwaka 2023 likaja jibu la tatu, la damu, katika jarida la Nature. Esther Brielle na wenzake, Kusimba akiwa miongoni mwao, walisoma vinasaba vya mifupa ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, katika miji sita ya pwani na mmoja wa bara. Kwa wengi wa watu wa pwani, zaidi ya nusu ya nasaba ilitoka Afrika, na hasa kwa upande wa akina mama. Sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi, pamoja na chembe ya Uhindi. Kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 au karibu yake, nasaba ya Kiarabu ikazidi kuingia.

Hii ni kazi ya kusifiwa. Imewapa haki wasimulizi wa Kilwa bila kuwanyima haki bibi zao. Lakini msomaji, tuisome polepole, maana damu ina sauti kubwa kuliko kigae na ni rahisi kuisikia vibaya.

Kwanza, watu 80 si pwani nzima. Makaburi yanayodumu na kutambulikana, hasa karibu na misikiti, aghalabu ni ya wenye nafasi. Mvuvi, mpagazi, mtumwa wa shambani, hawa hawakujengewa kaburi la kuvutia mchimbaji. Tukisema Waswahili wa kale walikuwa hivi, tuongeze kila mara: hao tuliowakuta.

Pili, tuutazame mwaka 1000 pamoja na Shanga. Msikiti wa miti ulikwisha simama pale kwa zaidi ya miaka 200. Vyungu vilikwisha finyangwa, chuma kilikwisha fuliwa, vyombo vilikwisha safiri. Mgeni kutoka Uajemi hakukuta pori. Alikuta mji, akaposa. Tarehe ya kuchanganyika si tarehe ya kuanza kwa mji, na anayezifanya kuwa kitu kimoja amefanya kosa lile lile la sahani ya Kichina, safari hii kwa chombo cha gharama kubwa zaidi.

Tatu, na hili ndilo linalonikaa moyoni, vinasaba vinatuambia nani alizaa na nani. Havituambii kwa ridhaa gani. Baba kutoka ng'ambo na mama wa hapa: hiyo inaweza kuwa habari ya harusi yenye mahari na mashahidi, na inaweza kuwa habari ya suria asiyeulizwa. Waandishi wa makala wanaelekea kwenye ndoa za wafanyabiashara na koo kubwa za wenyeji, na lugha ya watoto inawaunga mkono, kwani waliongea lugha ya mama. Nakubali kuwa hilo ndilo linaloelekea zaidi kwa wale waliozikwa kwa heshima. Lakini bahari ile ile ilibeba na watumwa, na haifai tuifiche aibu moja nyuma ya fahari nyingine.

Mtu atauliza, yote haya yana uzito gani kwa anayeishi leo? Yana uzito mkubwa. Serikali za kikoloni ziliwahesabu watu kwa kabila, zikawagawia haki na kodi kwa hesabu hiyo. Huko Zanzibar chama kilichoundwa mwaka 1957 kilibeba majina mawili, Afro na Shirazi, kwa kuwa watu walijua kwamba nasaba ni siasa. Na Januari 1964 damu ilimwagika, na wengine waliulizwa asili yao kabla ya kuuawa. Mtaalamu anayeandika asilimia za nasaba hajui nani atazisoma, wala kwa nia gani. Kwa hiyo sifa kubwa ya utafiti wa mwaka 2023 kwangu haimo katika majedwali yake. Imo katika subira ya miaka mingi ya Kusimba pamoja na wenyeji wa pwani ya Kenya, walioruhusu makaburi yafunguliwe kwa sharti kwamba waliolala humo warudishwe kuzikwa. Elimu inayoanza kwa kubisha hodi ni tofauti na elimu inayovunja mlango.

Narudi kwenye swali letu. Nadhani ni swali bovu tangu lilipoulizwa, kwa kuwa linatutaka tumtafute mjenzi mmoja kana kwamba mji ni zawadi. Kilwa ilijengwa na waliokata boriti, waliochoma chokaa, waliofinyanga vyungu, waliosali, waliooana, na waliolazimishwa kubeba. Bora tuulize mji uliishije, na kwa nini uliporomoka. Wakati sisi tukibishana, bahari haibishani: magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yalikaa katika orodha ya hatari kutoka 2004 hadi 2014, mawimbi yakila fukwe, na mojawapo ya tiba ikawa kupanda mikoko. Mti uliompa fundi kipimo cha chumba sasa unaombwa ulinde ukuta. Anayetaka kuithibitisha asili yake ya Kilwa, na aanze kwa kupanda mmoja.