Lazima, Si Lazima na Marufuku: Tahakiki ya Ufundishaji wa Vitenzi vya Hali vya Kiingereza

Makala haya yanahakiki mazoea ya kufundisha vitenzi visaidizi vya hali vya Kiingereza kama orodha ya tafsiri: "can" ni "weza", "must" ni "lazima". Hoja yetu ni kuwa mazoea hayo hushindwa pale ukanushi unapoingia. Katika Kiswahili, "si lazima uje" humwachia msikilizaji hiari. Mwanafunzi aliyekariri kuwa "must" ni "lazima" hukanusha kwa mantiki ileile na kuandika "You must not come", sentensi ambayo katika Kiingereza ni katazo. Alichokusudia ni "You don't have to come". Sentensi yake haina kosa la kisarufi. Ndiyo maana msahihishaji huweza kuipita. Kosa hilo likiingia katika maelezo ya dawa au katika mkataba, hiari hugeuka marufuku.

Mfumo wa Marejeo wa Ulaya wa mwaka 2001 huainisha umilisi katika ngazi sita, A1 hadi C2, kwa kueleza yale ambayo mjifunzaji anaweza kuyatenda kwa lugha. Mitaala yetu ingenufaika na mwelekeo huo. Ngazi za A zifunze uwezo, ruhusa, wajibu na, mapema kabisa, tofauti ya katazo na kutolazimika. Ngazi za B zishughulikie makisio, kama "He must be ill", yaani "bila shaka ni mgonjwa", kisha wajibu ambao haukutimizwa, kama "You should have told us". Watunga mitaala wasipoanza na maana, mtahiniwa atafaulu mtihani na kukosea kazini.