Namba ya Njia Hai

Kisenge ni mahali panapojua njia ikifa inakuwaje. Mji huu wa manganizi nchini Kongo, magharibi ya Kolwezi kuelekea Dilolo, uliishi kwa reli ya Benguela, iliyoteremsha madini hadi bandari ya Lobito, Angola. Mwaka 1975 vita vya Angola vikaikata reli hiyo. Shaba ya Kolwezi ilizungushwa: kusini kupitia Zambia, au kwa treni hadi Ilebo, kisha kwa mto hadi Kinshasa, kisha Matadi. Shaba ina bei, iliweza kujilipia safari ndefu. Manganizi ni nzito na bei yake ni ndogo, haikuweza. Njia zile zilikuwa kwenye ramani, lakini kwa manganizi zilikuwa kama hazipo.

Naikumbuka Kisenge kila ninaposoma kazi ya mafundi wa itifaki za njia katika mitandao isiyo na waya na isiyo na mnara, ile ambayo redio na simu zenyewe hupokezana ujumbe hadi umfikie mwenyewe. Nao kazi yao ni kujua njia ipi hai, ipi imekufa, ipi inabeba mzigo gani. Ila kwao reli inang'oka na kutandikwa upya kila baada ya sekunde chache, kwa sababu kila kituo kinatembea.

Chukua malori matatu yenye redio, yakifuatana kwenye vumbi. Lori la mbele linapotelea nyuma ya kilima, na la katikati halilisikii tena. Hapo la nyuma linasema kwa nia njema: mimi namfikia kwa hatua mbili. Limesahau kwamba hatua hizo mbili zinapita kwa huyo huyo wa katikati. Wa katikati anaamini: basi mimi namfikia kwa tatu. Wa nyuma anasikia tatu, anarekebisha: mimi kwa nne. Tano, sita, saba. Hakuna aliyesema uongo, na bado uvumi unakua bila kikomo, huku ujumbe ukirushwa huku na huku kati ya wawili hao hadi upotee.

Mwaka 1994 Charles Perkins na Pravin Bhagwat walileta dawa ya uvumi huo, itifaki ya DSDV. Kila habari ya njia hubeba namba, na mwenye haki ya kuipandisha kwa kusema “njia ni hai” ni yule tu anayetafutwa. Yeye hutoa namba shufwa: 100, 102, 104. Jirani akiona kiungo kimekatika, huongeza moja, ikawa witiri, 105, na witiri ni tanzia. Sasa wa nyuma akija na hatua zake mbili zenye namba 104, habari yake ni ya zamani, inaachwa. Na lori la mbele likitokeza tena upande wa pili wa kilima, hutangaza 106. Sauti ya mwenyewe inaifuta tanzia yake.

Tazama kilichokosekana hapo. Hakuna saa ya pamoja, hakuna mkubwa anayeamua nani mkweli. Namba moja tu, na adabu ya kutosema kwa niaba ya mwingine kwamba yu hai. Sijui ufundi mwingine uliotatua ugomvi mkubwa kwa kifaa kidogo namna hiyo.

Perkins hakuishia hapo. Itifaki yake nyingine, AODV, iliyochapishwa mwaka 2003 pamoja na Elizabeth Belding-Royer na Samir Das, hukaa kimya mpaka mtu awe na neno la kupeleka. Ndipo inauliza, na inauliza kama mgeni mwenye adabu: kwanza mlango wa jirani, hatua 1. Asipojibiwa, hatua 3, halafu 5, halafu 7, na baada ya hapo ndipo kilio kinapigwa mtandao mzima. Kila swali linakula betri, na fundi huyu anaionea huruma. OLSR, itifaki iliyotoka Ufaransa mwaka huo huo, husalimia majirani kila sekunde 2, ikichagua wachache wa kurudia maneno yake ili wote wasipige kelele. Ni nzuri pia, ingawa moyo wangu uko kwa ile inayonyamaza.

Watu wa fonia, zile redio za masafa marefu zilizounganisha misheni, vituo vya reli na familia za Kongo kabla ya simu za mkononi, wangeyaelewa haya bila darasa. Asiyeisikia Lubumbashi alimwomba anayeisikia apitishe. Na mpitishaji mzuri alianza kwa kuuliza: hiyo habari uliipata lini, na kwa nani?

Na ile reli iliyokatwa? Mwaka 2018 treni yenye manganizi ya Kongo ilifika tena Lobito.