Kupangua si Kubomoa

Saa moja asubuhi, umande ungali kwenye nyasi, na bembea ya gurudumu imesimama peke yake katika uwanja mmoja wa Kitengela, si mbali na barabara ya Namanga. Ni duara la chuma lenye kimo cha mita 9 hivi, na viti 12 vimening'inia ukingoni mwake. Jumamosi inatakiwa iwe inazunguka Kajiado mjini, kilomita 50 hivi kutoka hapa, watoto wakiwa wamefunga shule. Leo ni Jumatano. Nimekuja kutazama kazi iliyoko katikati ya siku hizo mbili.

Fundi amefika na vijana wanne, sanduku la spana, na makopo ya rangi yaliyokwisha rangi. Kijana mmoja ni mgeni kazini na ana pupa ya kuonekana. "Fundi, tuanze kubomoa upande gani?"

"Hapa hatubomoi, kijana wangu," fundi alijibu bila kupaza sauti. "Tunapangua."

Siku nzima nililitafuna neno hilo. Kiswahili kinajua jambo hili tangu zamani: funga, fungua, kunja, kunjua, fuma, fumua, panga, pangua. Mzizi ni uleule, na sauti moja tu inayoongezwa hukirudisha kitendo kwa njia ileile kilichojia. Anayebomoa hana haja ya kukumbuka njia. Anayepangua lazima aishike kichwani yote, kwa maana ataipita tena kesho.

Kazi ya kwanza haikugusa hata bolti moja. Fundi alilizunguka gurudumu na brashi ndogo akikagua namba. Kila mkono unaotoka kwenye kitovu kwenda ukingoni una namba yake, na kila kipande cha ukingo vilevile. Upande wa kulia namba ni nyekundu, wa kushoto ni nyeupe. Chini ya rangi, kwenye chuma chenyewe, zimegongwa nukta kwa ncha ya chuma kigumu: nukta tatu kwa namba 3, nukta tano kwa namba 5. Rangi hukwaruzwa na kamba za lori. Nukta zinabaki, na hata usiku kidole kinaweza kuzisoma.

Ndipo viti vikaanza kushuka. Gurudumu lilizungushwa kwa mkono hadi kiti namba 1 kikawa chini kabisa. Pini ndogo ya kuzuia ikachomolewa, pini kubwa ikasukumwa kwa kugongwa taratibu na nyundo ya mbao, kiti kikapokelewa na watu wawili. Kijana mgeni akakikimbilia namba 2, maana kilikuwa karibu. Fundi akatikisa kichwa na kuonyesha juu. Kinachofuata ni namba 7, kinachoelekeana na cha kwanza. Baadaye 4, kisha 10. Ukitoa viti vya upande mmoja, upande wa pili unabaki na uzito wote, na gurudumu litajizungusha lenyewe na kumkuta mtu amesimama chini yake. Mikono ilitolewa kwa mpango huohuo, mmoja na mwenzake wa ng'ambo, hadi kitovu kikabaki kitupu juu ya miguu yake miwili iliyosimama kama herufi A.

Makopo nayo yakapata kazi. Kila kiungo kina kopo lake, na kila bolti iliyotoka ilirudishiwa washa na nati yake papo hapo, ikafungwa kwa vidole, ikatumbukizwa koponi. Nati zenye pete ya plastiki ndani fundi aliziweka kando. Hizo hazirudi, kwa sababu pete ikishabanwa mara moja haishiki tena kama mwanzo. Bolti ambayo nyuzi zake zimelika nayo aliitenga, baada ya kuipitisha ukucha kutoka kichwani hadi mwisho.

Ekseli ilishushwa mwisho, kwa winchi ya mnyororo, inchi kwa inchi. Ilipolala juu ya magunia, fundi aliifuta beringi grisi ya zamani, akaisugua grisi hiyo kati ya vidole akitafuta chembe za chuma, kisha akapaka mpya, nene, na kuifunga kwa kitambaa na karatasi ya nailoni. Dakika 40 zilipita hapo. Nilikumbuka meli ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikapanguliwa, ikafungwa katika makasha 5,000 hivi, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikapelekwa bara hadi Kigoma, na huko ikaunganishwa upya na kuingia majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe wasiwaachie maadui zao, lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka injini grisi nzito. Ilipoinuliwa mwaka 1924 injini zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mafundi wale walikuwa wakiipeleka meli yao chini ya maji, na bado walimfikiria mtu atakayeifungua.

Alhamisi yote ilikuwa siku ya kukagua. Ufa mwembamba wa chuma hauonekani kwa macho, hasa ukiwa pembeni mwa mshono wa kuchomelea. Kwa hiyo kila mshono ulisuguliwa kwa brashi ya waya hadi ukang'aa, ukapakwa mafuta ya taa, ukaachwa, ukafutwa ukakauka kabisa, kisha ukapakwa unga wa chaki. Halafu fundi alikaa kwenye kigoda akangoja. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hupanda polepole na kuchora mstari mweusi juu ya weupe wa chaki. Mkono namba 9 ulichora mstari wa urefu wa ukucha. Fundi aliutazama kwa muda, akaukata mshono wote kwa grainda hadi chuma kizima kikaonekana, akauchomelea upya, akaurudishia chaki. Safari hii weupe ulibaki weupe.

Kwingineko kazi hii hufanywa kwa vyuma vikubwa zaidi. Treni ya bembea iliyoitwa Chang ilifunguliwa mwaka 1997 katika bustani ya Kentucky Kingdom, Louisville, Marekani. Ilikuwa reli ya chuma yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1, iliyopanda hadi mita 47, na abiria wake walisafiri wakiwa wamesimama. Baada ya msimu wa 2009 ilipanguliwa, na mwaka 2011 ikafunguliwa tena katika bustani ya Six Flags Great Adventure, jimbo la New Jersey, ikiwa na rangi ya kijani na jina la Green Lantern. Kwa mitambo ya namna hiyo nyufa hutafutwa kwa rangi maalumu zinazopenya chuma na kwa sumaku. Rangi hizo zinafuata kanuni ileile ya chaki na mafuta ya taa: kuupa ufa kitu cha kunywa, kisha kungoja ukiteme.

Lori lilipakiwa kinyumenyume. Viti, ambavyo vitahitajika mwisho, viliingia kwanza hadi mbele. Mikono na ekseli zikafuata. Miguu ikafuata baadaye, na mlangoni kabisa yakapangwa mataruma ya mbao, kwa maana ndiyo yatakayoshuka kwanza. Alfajiri ya Ijumaa tulipita Isinya, upepo wa mbuga ukivuma kutoka ubavuni, na fundi alisimamisha lori mara mbili ili akaze kamba.

Kajiado, kabla ya chochote kushushwa, alitembea uwanjani akiupiga mtaimbo ardhini na kusikiliza. Kitengela alikuwa amesimamisha gurudumu juu ya udongo mweusi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na kila wiki ilimbidi apime upya. Hapa alichagua mahali ambapo mtaimbo uligota mapema. Nyasi zikaparuliwa, kokoto zikamwagwa, mataruma yakalazwa, tabaka moja likiukata mwelekeo wa jingine. Kisha ukaja mpira mrefu wa plastiki unaopenya mwanga, umejazwa maji. Kijana mmoja aliushika huku, mwingine kule, na maji yakitulia pande zote mbili huonyesha usawa kamili bila kubembelezwa. Kona moja ilikuwa chini kwa upana wa kidole. Kibao chembamba kikapenyezwa. Hatimaye uzi ulivutwa mshazari, kona hadi kona, mara mbili. Urefu ulipolingana, fundi akasema neno moja tu: "Miguu."

Kuanzia hapo ilikuwa kama kusoma aya niliyoisikia ikisomwa kutoka mwisho. Miguu ilisimama, ekseli ikapanda kwa winchi, mkono namba 1 ukaingia na wa ng'ambo ukafuata. Makopo yalifunguliwa kwa zamu, na hakuna aliyetafuta kitu. Bolti zote zilifungwa kwa vidole tu hadi duara likatimia. Ukikaza moja mapema, ya mwisho haitaliona tundu lake. Ndipo spana zikaingia, kwa mtindo wa msalaba, kidogo hapa, kidogo ng'ambo, na kuzunguka tena. Kila nati iliyokazwa ilichorwa mstari mweupe unaopita juu yake hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika siku moja, atakayepita asubuhi atajua nati imesogea.

Gurudumu lilizunguka tupu kwanza. Fundi aliweka ncha ya spana ndefu kwenye nyumba ya beringi na mwisho wake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Baadaye viti vilipakiwa magunia ya mchanga, na likazunguka nusu saa nzima huku akilitazama kutoka pande nne.

Jua lilipokuwa linashuka, watoto wa kwanza walishajipanga kwenye kamba wakihesabu viti kwa sauti. Nilidhani kazi imekwisha. Fundi alimwita kijana mgeni, akampa kopo la rangi nyekundu alishike, akaanza kuchora upya namba 7, iliyokwaruzwa njiani na kamba.

"Lakini itakaa hapa wiki tatu, Fundi," kijana alisema. "Si tungechora siku ya kupangua?"

"Siku ya kupangua nitakuwa na haraka," alijibu. "Leo sina."

Akamaliza mkia wa 7, akaufuta ukingo kwa kidole ili usichuruzike, akahamia namba 8.